Mvua kubwa na septiki: kabla hujaita lori la kunyonya, soma hii kwanza

Swali la msomaji: "Fundi habari za kazi. Naishi Busega hapa Kampala, upande wa chini, karibu na swampu ya Lubigi. Tuna septiki ya matofali na sokipiti (shimo la kunywesha maji ardhini), vyote vilijengwa pamoja na nyumba 2017. Mvua ikinyesha siku mbili tatu mfululizo choo kinaanza kugugumia, ukiflash maji yanapanda badala ya kushuka, alafu yanatokea kwenye bafu la chini. Jirani ameniambia nikiona tu mawingu niite lori wanyonye, tangi likae tupu ili mafuriko yakija lipate nafasi. Mwaka jana nimenyonya mara nne na bado shida ni ile ile. Mume wangu ni dereva, wiki nzima yuko barabara ya Malaba, maji yakija nabaki mimi na watoto watano. Nifanye nini? Na kisima chetu cha uani, tuendelee kukitumia?"

Salama dada yangu, na pole sana. Maji ya choo kutokea bafuni huku una watoto ndani si kitu kidogo, nimeingia nyumba nyingi za namna hiyo na najua mama wa nyumba anavyokaa usiku kucha na beseni na tambara. Nitakujibu kwa urefu manake hapa kuna maswali matatu ndani ya moja, ila kabla ya yote nikuombe hili: msimu huu usinyonye tangi wakati mvua imeshashiba ardhini. Jirani yako anakutakia mema lakini ushauri wake unaweza kukuvunjia tangi kabisa.

Ngoja nikueleze kwa nini, kwa sababu ukielewa hii hutahitaji kuniuliza tena mambo mengi. Watu wengi wanafikiri septiki ni kama jerikani, inajaa pole pole, ikijaa unamwaga, inaanza upya. Haiko hivyo. Septiki inayofanya kazi vizuri iko imejaa siku zote, toka wiki ya kwanza mliyohamia. Maji yanaingia upande wa nyumba, uchafu mzito unazama chini, mafuta na povu vinaelea juu, katikati yanabaki maji yaliyotulia kidogo, na hayo ndo yanatoka upande wa pili kwenda sokipiti. Ukimwaga lita tisa za choo, lita tisa zinatoka ng'ambo. Tangi halimalizi maji, kazi yake ni kutenganisha tu. Anayemaliza maji ni udongo unaozunguka sokipiti, huo ndo unakunywa.

Sasa fikiria hapo kwenu. Juu Kampala ni vilima, kule udongo mwekundu unakunywa vizuri, lakini maji yote ya vilima yanateremka kwenye mabonde, na nyinyi mko mdomoni mwa Lubigi kabisa. Hata wakati wa jua ukichimba hapo huendi mbali kabla ya kukuta maji. Mvua ya siku mbili ikipiga, maji ya chini ya ardhi yanapanda, yanaingia kwenye sokipiti kwa nje, yanaijaza, na sasa yale ya kutoka nyumbani yakifika yanakuta mlango umefungwa. Yanarudi kwenye tangi, tangi linapanda juu ya kipimo chake, paipu ya kutoka nyumbani inazama, hewa inakosa pa kupita na hapo ndo unasikia choo kinagugumia. Alafu maji yanatafuta tundu la chini kuliko yote ndani ya nyumba, na hilo ni tundu la bafu, haliwi la choo. Kwa hiyo wakati ule unaona tangi limejaa, kilichojaa kweli ni ardhi, na ardhi hakuna lori la kuinyonya. Ndo maana mwaka jana umelipa mara nne. Lori lilikuwa linakunyonyea swampu, yaani maji ya nje yanapenya kwenye matofali na yanarudi kinyumenyume toka sokipiti, kesho yake asubuhi kipimo kiko pale pale.

Kupoteza pesa ni afadhali, kuna baya zaidi. Tangi likiwa na maji ndani na maji nje, nguvu zinalingana. Ukilitoa maji ya ndani wakati ya nje yako juu, yale ya nje yanasukuma ukuta kuingia ndani na yanasukuma sakafu kwenda juu. Hesabu yake ni rahisi: kila mita moja ya urefu wa maji inasukuma tani moja kwenye kila mita ya mraba. Tangi lako tuseme maji ya nje yamesimama mita moja na nusu juu ya sakafu, basi kila mita ya mraba ya sakafu inasukumwa na kilo 1,500 toka chini. Sakafu ya zege ya sentimita kumi, na mafundi wengi huku wanaweka hiyo au pungufu, mita ya mraba moja inakuwa na uzito wa kilo kama 240. Nani atashinda hapo? Inapasuka katikati, au inaachana na ukuta kwenye kona, na toka siku hiyo hilo si tangi tena, ni shimo.

La plastiki ndo kabisa, lenyewe linaelea. 2020 ziwa Victoria lilipopanda, maji yakaingia kwenye nyumba za watu wa pwani kuanzia Ggaba mpaka Entebbe, niliitwa kwenye nyumba moja yenye tangi la plastiki la lita 5,000 lililozikwa vizuri tu, bomba la PVC la inchi nne, kazi safi. Mwenye nyumba alitaka linyonywe na mimi nikasema sawa, nyonya. Lori likavuta kama dakika ishirini. Wakati wanakunja mpira tukasikia mlio kama mti unavunjika chini ya miguu, nyasi juu ya tangi zikaanza kuinuka pole pole kama mkate ndani ya oveni, udongo ukapasuka kuzunguka, na bega la tangi likatokea, jeusi, linang'aa. Tangi tupu la namna ile halifiki kilo mia mbili, na maji yanaliinua kwa tani karibu tano, udongo wa juu haukutosha kulishika. Paipu zote mbili zilikatika. Familia ile ilikaa wiki sita bila choo. Nililipa sehemu ya gharama kwa sababu neno lilitoka mdomoni mwangu, na toka siku ile sijawahi kukubali kunyonya tangi maji yakiwa juu, hata mwenye nyumba akinikasirikia.

Sasa, kunyonya kuna wakati wake na huo wakati ni kiangazi. Kwa upande wetu wa Kampala mvua kubwa ni Machi mpaka Mei, alafu Septemba mpaka Novemba, kwa hiyo ukitaka kunyonya nyonya Januari au Februari, au Julai mpaka mwanzo wa Agosti, ardhi ikiwa imekauka. Na usinyonye kwa kubahatisha, pima. Tafuta mti mrefu ulionyooka, funga taulo jeupe la zamani kuanzia chini mpaka nusu, ushushe taratibu kupitia mfuniko wa upande wa kuingilia mpaka uguse sakafu, subiri dakika chache, vuta. Sehemu ya chini ya taulo itakuwa nyeusi nzito, huo ndo uchafu uliozama. Ukiona uchafu wa chini ukijumlisha na ule ugaga wa juu (yale mafuta na povu yaliyoganda) unafika theluthi ya kina cha maji, basi nyonya. Kama haujafika, hiyo pesa iweke kwenye kitu kingine, nitakuambia kipi. Wakimaliza kunyonya waambie waache kidogo chini, wasikwangue mpaka zege, alafu tangi lijazwe maji siku hiyo hiyo mpaka kwenye tundu la kutokea. Fundi mwingine atakushangaa, eti umelipa kumwaga alafu unajaza? Ndiyo, kwa sababu maji ndo yanalishika tangi, na sisi tulikuwa tunafuata uchafu, maji hatuna shida nayo.

Na hilo lori, muulize dereva anaenda kumwaga wapi. Kuna mtambo wa kusafisha maji taka wa Lubigi na kuna wa Bugolobi, vyote vya shirika la maji la taifa, wanapokea. Kama anajibu kwa kuzunguka zunguka muache aende, manake wako wanaovizia mvua na kufungulia kwenye mtaro usiku, na mtaro huo unapita kwenye nyumba za watu huko mbele. Hata wenye vyoo vya shimo mabondeni wanafanya hivyo, mvua ikianza anatoboa shimo pembeni ili maji yabebe. Inaniuma sana hii kitu. Unabeba kipindupindu na taifodi ya nyumba yako unaipeleka kwa mtoto wa mwenzako anayecheza kwenye maji.

Haya, turudi kwako. Kitu ya kwanza kabisa ya kufanya, na haina gharama kubwa, toka nje mvua ikinyesha ukiwa na mwavuli uangalie maji ya mabati yanaenda wapi. Nasema hivi kwa sababu kwenye nyumba kama kumi ninazoitwa, kadhaa nakuta gata imeunganishwa kwenye chemba ya choo au inamwaga juu ya sokipiti, fundi alitaka kazi iishe haraka. Bati la mita za mraba 120, mvua ya milimita 40, ambayo kwetu ni mvua ya mchana mmoja tu, linatoa lita 4,800. Hizo ni karibu lori dogo zima la maji, kwenye tangi lako, ndani ya saa moja au mbili. Hakuna septiki inayoweza hiyo hata juu ya kilima. Kama ndo hivyo, katisha, peleka gata kwenye tangi la kuvunia maji au kwenye mtaro wa upande mwingine wa kiwanja. Angalia pia uani kwenyewe, kama simenti imeinama kuelekea kwenye mfuniko wa septiki, kama barabara ya juu inawamwagia. Mtaro mdogo wa kukinga upande wa mlima, futi moja tu kina, unakata maji yasipite juu ya sokipiti. Kazi ya siku moja ya kijana na jembe.

Cha pili ni mifuniko. Nyingi nakuta ziko sawa sawa na ardhi au chini kidogo, nyasi zimeota juu, mwenye nyumba hajui hata iko wapi. Maji ya mafuriko yakipita juu yanaingia na matope, na matope kwenye septiki ni ugonjwa, yanakaa chini kama jiwe, hayaozi, yanapunguza nafasi, yakitoka yanaziba sokipiti na sokipiti iliyoziba kwa matope mara nyingi unachimba nyingine tu. Kwa hiyo inua shingo za mifuniko, jenga tofali mistari mitatu minne kuzunguka, plasta ndani na nje, mfuniko wa zege mzito ukae juu na usilambwe na maji, pembeni zibe na mota dhaifu (mchanganyiko wa mchanga na simenti kidogo) ambayo siku ya kufungua utaigonga itoke. Paipu ya kupumulia nayo ipandishe ipite mahali maji yaliwahi kufika. Mnaujua mstari wa maji wa mafuriko ya Machi 2025? Kama kuta zenu zilibaki na alama, tumia hiyo, ongeza futi moja.

Kitu cha tatu ndo ile niliyosema weka pesa hapo: valvu ya njia moja, ile inayoruhusu maji kutoka tu na kukataa kurudi. Inakaa kwenye paipu kati ya nyumba na tangi, ndani ya chemba yenye mfuniko ambao mtu anaweza kuufungua, usikubali izikwe. Ina ulimi unaofunguka maji yakitoka na kujifunga yakirudi. Hiyo itakuzuilia bafu. Lakini nikwambie ukweli wake wote: ikiwa imejifunga, maji yako ya ndani nayo hayatoki, kwa hiyo ukiflash huku imefunga unajifurikisha mwenyewe kwa maji yako. Na ulimi huo ukishikwa na kitambaa, pedi, au zile wipusi za watoto, unabaki wazi kidogo na kazi yote ni bure. Kila mwanzo wa mwezi wa mvua fungua chemba, osha ulimi kwa maji, uone kama unarudi wenyewe. Watoto wakubwa wanaweza kufundishwa, mradi glavu zipo.

Kuna kitu nataka nijue kabla sijakubali kwamba shida yote ni ardhi. Je, kiangazi choo kinashuka vizuri kabisa? Kama hata Februari kinagugumia, basi kuna lingine, ama paipu imeziba, ama ile tii ya kutokea (kipande cha paipu chenye umbo la T kinachozuia ugaga usitoke) imevunjika na ugaga umeshaingia kwenye sokipiti. Njia ya kujua ni kufungua mfuniko wa septiki siku kavu. Maji yakiwa kwenye kipimo chake, chini kidogo ya paipu ya kuingilia, na choo bado kinasumbua, kizibo kiko kati ya nyumba na tangi, hapo unahitaji waya wa kuzibulia na kijana mwenye subira. Maji yakiwa juu ya kipimo hata siku kavu, sokipiti ndo imechoka. Yako ya 2017 kwenye udongo wa mfinyanzi wa kando ya swampu, na watu saba ndani ya nyumba, isinishangaze kama imechoka.

Ukifungua hivyo, nakuomba kama kaka yako, watoto wawe mbali, usiinamishe kichwa kwenye tundu, hakuna sigara wala mshumaa wala tochi ya moto, simama upande upepo unatokea nyuma yako. Ile hewa inaua. Inanuka mayai mabovu mwanzoni, alafu ikizidi pua inakufa ganzi huisikii tena na unafikiri imeisha. Mtu akianguka ndani usimfuate, hata awe nani, piga kelele, ita polisi wa zimamoto, teremsha kamba. Nimesikia mara nyingi mno mtu wa pili na wa tatu wanakufa kwa kumfuata wa kwanza. Na mfuniko usibaki wazi hata dakika ya kwenda kuchukua simu ndani.

Sasa siku yenyewe maji yakija, na wewe uko peke yako. Mvua ikipiga usiku kucha na ukaona maji yamesimama uani, acha kutumia maji ndani kabisa. Piga hesabu na mimi: wewe na watoto watano ni watu sita, kila mtu choo mara nne kwa siku, lita tisa kila mara, hiyo ni lita 216, bado hujafua, bado hujaosha vyombo, bado watoto hawajaoga. Yote yanaelekea mahali ambapo hapana nafasi. Choo acheni. Chukua ndoo yenye mfuniko, ivike kavera (mifuko ya plastiki) mbili moja ndani ya nyingine, kila mtu akimaliza mwaga jivu au unga wa mbao juu, funika. Mkojo ndoo yake nyingine kama inawezekana, inapunguza harufu sana. Kavera zikijaa kidogo funga, weka kwenye pipa lenye mfuniko mpaka maji yashuke, usitupe kwenye mtaro. Nguo chafu zisubiri. Maji ya kuoshea vyombo mwaga mbali na sokipiti, upande ardhi inapoteremka.

Tundu la bafu liziba mapema. Watu wanaweka tambara, tambara linaruka. Chukua kavera nene, jaza mchanga nusu, funga, kandamiza kwenye tundu, juu yake weka jerikani ya lita 20 iliyojaa maji. Hiyo inakaa. Tundu la choo, mfuko wa mchanga mdogo zaidi unaingia kwenye shingo, lakini ukumbuke kuutoa. Ukiona maji bado yanapenya na yanazidi, usipigane nayo, toa watoto, zima umeme kwenye mita kama mahali ulipokanyaga pamekauka, kama pana maji usiguse, ondoka. Panga leo hii mtaenda kwa nani juu ya kilima, usisubiri usiku ule ndo uanze kupiga simu, na mume wako ajue jina la mahali. Mbale Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika, maji yalikuja watu wamelala, na nilipofika wiki iliyofuata kusaidia kwenye vyoo nilikuta wengi walichelewa kwa sababu walikuwa wanaokoa magodoro.

Maji yakishuka subira ndo kazi. Kuona ardhi ya juu imekauka hakutoshi, chini bado imejaa. Usiruke kwenye choo siku hiyo hiyo. Fungua mfuniko, kama kipimo cha tangi bado kiko juu ya paipu ya kutokea, endeleeni na ndoo. Kikishuka chenyewe, anzeni kidogo kidogo. Sokipiti isipitishwe gari wala pikipiki wala ng'ombe, udongo uliolowa ukikandamizwa unafungana na haurudi tena kunywa kama zamani. Alafu ita fundi aangalie kama matope yaliingia ndani, yakiwepo hapo ndo lori la kunyonya lina maana, lakini bado masharti ni yale yale, maji ya nje yawe yameshuka, na tangi lijazwe baadaye.

Kusafisha nyumba: gambuti, glavu, funika kidonda chochote. Sabuni na maji kwanza, ondoa matope yote, ndo baadaye Jik, kwa sababu Jik juu ya matope haifanyi kitu. Ile ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, paka sakafuni na ukutani mpaka maji yalipofika, iache dakika kumi, suuza. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala na mkojo ulio kwenye ndoo, inatoa moshi unaochoma mapafu. Na usimwage chupa nzima ya Jik kwenye choo ukidhani unasafisha septiki, wale wadudu wadogo wanaooza uchafu ndani ya tangi ndo wafanyakazi wako, ukiwaua uchafu unajaa haraka. Hizo dawa za unga wanazouza eti zinamaliza choo, mi sijaona inayoshinda ardhi iliyojaa maji.

Kisima. Hapa nitakuwa mkali kidogo nisamehe. Pima hatua kutoka sokipiti mpaka kisima. Kawaida tunataka mita 30 angalau, na kisima kiwe upande wa juu. Viwanja vya Busega vingi ni futi 50 kwa 100, futi 100 zenyewe ni mita 30 na kidogo, ina maana hata ukiweka kimoja kwenye kona hii na kingine kona ile ya mbali, hujafika mbali, na bado kuna sokipiti ya jirani nyuma ya ukuta. Wakati wa mafuriko maji ya chini yote yanakuwa kitu kimoja, chako na cha jirani. Kwa hiyo jibu langu ni hapana kwa kunywa, hapana kwa kupikia, hapana kwa kuoshea mboga, msimu mzima wa mvua, hata kama maji ni meupe kama kioo. Kufua na kuoshea uwanja sawa. Ya kunywa chukua ya bomba na bado uyachemshe mpaka yatokote vizuri kwa dakika nzima, uyafunike kwenye chombo chenye mdomo mwembamba. Hata zile chemchemi za bondeni ambazo watu wanaziamini kwa sababu zina bomba na ngazi za simenti, nazo zinatoka kwenye ardhi hiyo hiyo. Mtoto akiharisha maji maji kama ya mchele, usingoje asubuhi, mchanganyie ORS mkiwa njiani kwenda hospitali.

Mwisho kuna swali ambalo hujauliza lakini ningekuwa sikutendei haki nikilinyamazia. Sokipiti inataka ardhi kavu chini yake, angalau mita moja na nusu kati ya kitako chake na maji. Mahali penu hiyo haipo na haitakuja. Kwa hiyo hata ukifanya yote niliyosema utapunguza mateso, hutayamaliza. Kuna njia mbili za kumaliza. Moja ni kuinua: badala ya shimo, unajenga tuta la mchanga na mawe juu ya ardhi, maji ya septiki yanapandishwa na pampu ndogo na kunywewa kule juu. Inataka nafasi na umeme. Ya pili ni kuacha kabisa kumwaga ardhini, unajenga tangi la zege lisilo na tundu la kutokea, zito, sakafu nene yenye nondo, linakusanya tu, na hilo ndo linanyonywa kila likijaa kwa sababu limejengwa kustahimili kuwa tupu. Linagharimu kunyonya mara nyingi zaidi, ila kwa nyumba ya kando ya swampu ndo ningechagua mimi, na vyoo vinavyotumia maji kidogo. Lakini kabla hujaweka hata tofali moja, muulize mume wako karatasi za kiwanja zinasemaje, kiwanja kiko ndani ya mpaka wa swampu au nje. 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, walibomoa nyumba za watu Lubigi. Sitaki umwage milioni kwenye tangi alafu tinga lije.

Kwa sasa, wiki hii, fanya mambo mawili tu. Angalia gata, na upime hatua za kisima. Alafu mvua ya kwanza kubwa ikipita, fungua mfuniko wa upande wa sokipiti masaa mawili baada ya mvua kuacha, piga picha maji yalivyosimama, weka alama ya chaki ukutani kwenye mstari wa maji. Kesho yake saa moja asubuhi, kabla mtu hajaflash, piga nyingine. Nitumie zote mbili pamoja na kina cha shimo. Maji yakiwa yameshuka chini ya chaki kwa kiganja kizima, bado sokipiti yako ina uhai na tutaanza na valvu. Yakiwa pale pale, nitakuja mwenyewe kuangalia mahali pa tangi jipya, na siku hiyo mume wako awepo.